Mkono wa Mdogo Wangu, Mguu wa Kijana Yule

Mdogo wangu alikatwa mkono mchana kweupe, wakati wa mavuno, nami nilikuwa karibu naye kiasi kwamba damu ilinirukia usoni na kwenye kitenge. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi wa kijiji chetu, Michenga, husimulia habari ile kuanzia mahakamani, kana kwamba mimi ndiye niliyeianzisha.

Shamba letu liko chini bondeni, mahali ambapo masika maji hutuama mpaka mtu anapita kwa mtumbwi juu ya majaruba. Mwaka ule mpunga ulikuja vizuri. Tulikuwa tumehamia shambani kama tunavyofanya kila msimu, mimi, mume wangu na mdogo wangu, tukilala kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ili maji na nguruwe visitufikie. Watoto tuliwaacha kijijini kwa mama mkwe. Tulikuwa pia na kibarua mmoja, kijana mpole aliyetoka kijiji cha Mbingu kutafuta kazi ya kuvuna. Alikuwa anavuna jaruba la mbali kidogo siku hiyo, na mume wangu alikuwa amekwenda kijijini kufuata magunia.

Ng'ombe waliingia jua likiwa limeshapanda. Walikuwa wa boma la jirani, watu tuliofahamiana nao. Tulinunua maziwa kwao, nao walinunua mpunga kwetu. Aliyekuwa anachunga ni kijana wa boma lile, rika moja na mdogo wangu. Zamani niliwahi kuwaona wakicheza mpira pamoja.

"Watoe," mdogo wangu akamwambia.

"Nawatoa, kaka. Wamenishinda pale kwenye maji."

"Na juzi walikushinda. Kila siku wanakushinda kwenye mpunga wangu tu?"

Kijana akaanza kuwapigia mluzi, lakini ng'ombe akishaonja mpunga uliokomaa hasikii mluzi. Mdogo wangu akasema basi, atamchukua mmoja mpaka ofisi ya kijiji, mtendaji aje aone hasara kwa macho yake. Akamshika ndama mmoja kwa pembe. Kijana akamsukuma. Hapo ndipo mdogo wangu alipompiga fimbo ya bega.

Nasema wazi: fimbo ya kwanza ilikuwa ya kwetu. Ya pili pia ilikuwa ya kwetu, nayo ilimvunjikia mkononi. Akaitupa. Alikuwa mikono mitupu, anarudi nyuma, kijana alipochomoa panga kiunoni. Kisigino cha mdogo wangu kikakwama kwenye tuta. Akainua mkono wa kulia kujikinga, na panga likaukuta palepale ulipokuwa, juu kidogo ya kifundo.

Mkono haukudondoka. Ulilala upande, ukaning'inia kwa ngozi na kitu cheupe kama uzi wa katani. Mdogo wangu aliutazama kana kwamba mtu mwingine ndiye ameusahau pale.

"Dada," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "nishike."

Nilipomshika, panga likashuka tena, likampasua begani. Nikahisi jinsi mwili wake ulivyotikisika mikononi mwangu. Nilimtazama kijana yule usoni, nikaona kwamba hata yeye alikuwa analia. Kisha akakimbia.

Nikapiga yowe. Nilichana kitenge changu nikamfunga juu ya kiwiko, nikakaza kwa meno. Watu walitoka kila shamba, na kwa kuwa ilikuwa mavuno, hakuna aliyetoka mkono mtupu. Walikuja na mundu, na mapanga, na miti ya kupuria. Kijana hakufika mbali. Alizama matopeni kwenye korongo, wakamvuta kwa miguu, wakamrudisha, na kibarua wetu ndiye aliyetoa kamba. Akamfunga mikono kwa nyuma, akamzaba kofi, akasogea pembeni.

Mimi nilikuwa nimekaa chini na kichwa cha mdogo wangu mapajani. Niliwapa watu mgongo. Mwanzoni nilichosikia kilikuwa kama watu wanapura mpunga: kishindo, kishindo, pumzi. Halafu nikasikia mpunga ule unamwita mama yake.

Niligeuka wakati mume wangu anafika kwa bodaboda. Alimtazama shemeji yake, akautazama mkono. Mtu mmoja alikuwa anamwomba mwendesha bodaboda petroli, mwingine anauliza nani ana tairi. Mume wangu aliwapita wote, akachukua mti wa kupuria kutoka kwa mwanamke mmoja, akauinua kwa mikono miwili. Kijana alikuwa amelala kifudifudi, amefungwa. Pigo la kwanza lilimpata chini ya goti, na mguu ukabadilika umbo. La pili likatua palepale. Nilisikia mfupa. Mume wangu aliposogea upande wa kichwa, nikamlaza mdogo wangu chini, nikakimbia, nikajitupa juu ya kijana yule.

"Toka," mume wangu akasema.

"Baba watoto, huyu ameshafungwa."

"Toka, nisije nikakuua na wewe."

Watu wengi baadaye walidhani nilimhurumia. Sikumhurumia. Wakati ule ningeweza kumng'ata shingo mpaka afe. Lakini watu wote wenye nguvu walikuwa wanapiga, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumbeba mdogo wangu. Nilifikiri, wakimchoma huyu, tutakaa hapa tunaangalia moto, na yule pale ataishiwa damu. Ndiyo maana nililala pale. Nikawaambia hivyo hivyo: "Nani anambeba mdogo wangu? Mnaua, nani anabeba?"

Mwendesha bodaboda alikuwa wa kwanza kushtuka. Alikataa kutoa petroli, akampigia simu mfanyabiashara mmoja wa Ifakara aliyekuwa amekuja kununua mpunga kwa pikapu. Yule mzee alifika na gari lake, na mwenyekiti wa kitongoji akafika na mgambo. Mwenye gari akawakuta watu wanataka kumpakia mdogo wangu tu.

"Gari langu halibebi mmoja likamwacha mwingine afe," akasema. "Wote, au mtafute gari jingine."

Basi wakapandishwa wote wawili nyuma, juu ya magunia matupu, na mimi katikati. Barabara ilikuwa na mashimo. Kila gari liliporuka, mmoja alipiga kelele upande huu na mwingine upande ule, na damu zao zikakusanyika kwenye mkunjo mmoja wa gunia chini ya miguu yangu.

Tulipitia polisi kwanza kuchukua PF3, ile karatasi ambayo mtu aliyepigwa au kukatwa huanza nayo kabla ya matibabu. Askari alipouona mkono hakuuliza mengi. Hospitali daktari alinieleza polepole kwamba mishipa imekauka, mkono hauwezi kuunganishwa, na asipoukata wote mdogo wangu hatavuka usiku ule. Mdogo wangu alikuwa anasikia. Akasema, "Ukateni. Msinionyeshe tu."

Wodi ya majeruhi wanaume ilikuwa moja. Mdogo wangu aliwekwa upande wa dirishani, na kijana yule upande wa mlangoni, mguu umening'inizwa, mkono umefungwa pingu kwenye kitanda, askari amekaa kando. Jicho lake moja lilikuwa limevimba mpaka likafumba. Walikuwa wanaonana. Hawakusemezana hata siku moja.

Mama yake alikuja kumuuguza, mimi nilikuwa namuuguza mdogo wangu, na bomba la kufulia lilikuwa moja. Siku ya kwanza tulipokutana pale, kila mmoja ana beseni la mashuka yenye damu, kinywa changu kilisema chenyewe: "Shikamoo, mama." Naye akaitika, "Marahaba," kisha tukafua. Maji yetu yalikwenda kwenye mfereji mmoja.

Alipomaliza akasema kwa Kiswahili chake chenye Kisukuma ndani, "Wameniambia wewe ndiye uliyemlalia mwanangu."

"Ndiyo."

"Na yule aliyemvunja mguu ni mume wako."

Nikainua beseni langu. Hakuwa anauliza.

*

Polisi walikuja kuandika maelezo yangu palepale hospitali. Niliwaeleza habari ya panga kwa urefu. Walipouliza kilichotokea baada ya hapo, nikasema watu walimpiga. Watu gani? Watu wengi. Askari alinitazama, akaandika. Lakini mwenyekiti na mwendesha bodaboda nao waliulizwa, na kabla mdogo wangu hajatoka hospitali, mume wangu na kibarua wetu walikamatwa.

Kijiji kilichafuka. Mtu shemeji yake amekatwa mkono, halafu anakamatwa yeye? Mama mkwe alifunga safari mpaka Ifakara, tukaenda naye na mdogo wangu kwenye ofisi moja ya msaada wa kisheria karibu na soko. Tulimkuta dada mmoja mnene, mchangamfu, aliyekuwa anakula muhogo wa kukaanga huku anasikiliza. Alituacha tukaongea mpaka tukaishiwa.

"Kuna kesi mbili," akasema. "Ya mkono, na ya mguu. Zimetokea siku moja na shamba moja, lakini ni mbili. Moja haifuti nyingine."

Mama mkwe akasema, "Lakini mwanangu alikuwa anamtetea shemeji yake."

"Mama yangu, yule kijana alipokuwa na panga, yeyote angempiga kumzuia, huko ndiko kutetea. Alipokuwa amefungwa kamba, alikuwa anamtetea nani?"

Mama mkwe akakaza kilemba chake. "Na tukielewana na wale watu nyumbani? Wazee wakakaa, tukasameheana, kesi si inafutwa?"

"Mnaweza kusameheana, na ni jambo jema. Ila anayeshtaki si ninyi wala si wao. Ni Jamhuri. Ninyi ni mashahidi tu. Mwendesha mashtaka ndiye mwenye uwezo wa kuiondoa, na kwa mfupa uliovunjika na mkono uliokatwa sioni akiiondoa."

Mdogo wangu alikuwa amekaa, kigutu chake amekilaza mapajani kama mtoto aliyelala. Akauliza, "Sasa mimi mkono wangu nani ananilipa? Akifungwa jela, mimi napata nini?"

"Hakimu akimtia hatiani anaweza kuamuru akulipe fidia humo humo kwenye kesi ya jinai. Ikiwa ndogo, au asipoamuru, unaweza kufungua madai yako mwenyewe. Hiyo sasa ni kesi yako wewe, si ya Jamhuri. Lakini usikae nayo mpaka muda upite, sheria ina ukomo. Na karatasi zote za hospitali zitunze."

"Nilimpiga fimbo mimi kwanza," mdogo wangu akasema.

Dada yule akaacha kutafuna. "Basi useme hivyo hivyo. Ukificha wao wakafichua, hata ukweli wako mwingine hautaaminiwa."

Tulipoinuka, nikabaki nyuma kidogo. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Wakiniita niseme alichofanya mume wangu?"

"Hawakulazimishi," akasema. "Mke halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mume wake. Hakimu mwenyewe atakwambia. Ukitaka kusema, sema. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, hakuna atakayekufunga."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimepata nafuu. Nilishaamua kunyamaza.

*

Mume wangu alipata dhamana. Kibarua hakuwa na ndugu wa kumdhamini hapa, akabaki rumande. Ndani ya muda mfupi nikaanza kusikia maneno. Mume wangu alikuwa amezungumza na wakili, na hadithi ikawa imepangwa: mguu ulivunjwa na kibarua. Ndiye aliyefunga kamba, ndiye aliyekuwa na hasira, ndiye mgeni. Mume wangu alifika mambo yameshaisha.

Nilimsubiri amalize kula. Tulikuwa uani, mchana, mdogo wangu amekaa kwenye kigoda anajifunza kumenya viazi kwa mkono mmoja, amekibana kiazi kwa goti.

"Yule kijana wa Mbingu hakumvunja mtu mguu," nikasema.

"Wewe utasema hukuona."

"Nitanyamaza. Wameniambia nina haki ya kunyamaza. Lakini sitasema sikuona."

"Ukinyamaza watajua kuna kitu. Utasimama, utasema ulimwona kibarua."

"Sitasema hivyo, baba watoto."

Hakuwa mtu wa kunipiga. Miaka yote tuliyokaa alikuwa hajaniinulia mkono. Siku ile alisimama, akanishika koo kwa mkono mmoja, akanibamiza ukutani mpaka udongo wa ukuta ukaniingia mdomoni. Akanibana. Nilimwona mdomo unatembea lakini sikumsikia, masikio yalikuwa yanavuma.

Mdogo wangu akaja akamshika shati kwa mkono alionao. "Shemeji, mwache dada."

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Sikukutuma. Mwache."

Mume wangu aligeuka, akampiga ngumi. Sidhani kama alikusudia pale ilipotua, lakini ilitua kwenye kigutu. Mdogo wangu hakulia. Alitoa sauti kama mtu aliyekatwa pumzi, akaenda chini, na bandeji ikageuka nyekundu yote. Mume wangu alisimama anaitazama damu ile, mikono imelegea. Kisha akachuchumaa mlangoni, akajiinamia.

Nilimrudisha mdogo wangu hospitali, wakamshona upya. Kutoka pale nilikwenda polisi, dawati la jinsia, na alama za vidole shingoni. Askari wa kike alinieleza kwamba kunikaba ni kosa moja, na kumtisha shahidi ni jingine. Dhamana ya mume wangu ikafutwa. Nikachukua watoto, nikahamia Mkula kwa shangazi yangu, anayeuza ndizi na viazi kando ya barabara. Michenga wakasema nimemfunga mume wangu hata kabla ya hakimu. Mama mkwe alinipigia simu mara moja tu. Alisema, "Mwanangu akifia huko, usije msibani," akakata.

*

Kesi ya mkono ilitangulia. Kijana yule aliingia kwa magongo, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Wakili wake aliniuliza mbele ya watu wote, "Nani alianza kumpiga mwenzake?"

"Mdogo wangu."

"Kwa kitu gani?"

"Fimbo."

"Kwa hiyo mshtakiwa alikuwa anajihami."

"Fimbo ilishavunjika," nikasema. "Mdogo wangu alikuwa hana kitu mkononi, anarudi nyuma. Na panga la pili lilimkuta mimi nimemshika."

Mdogo wangu alisema vilevile, hakuongeza wala hakupunguza. Hakimu, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, alipokuja kusoma hukumu alieleza kwamba mtu ana haki ya kujihami, lakini haki hiyo ina mpaka, na mpaka wake ni hatari yenyewe. Hatari ikishaondoka, panga linalofuata si la kujihami. Akamtia hatiani, akamhukumu kifungo na fidia. Alisema amepunguza adhabu kwa sababu ya fimbo ile, na kwa sababu ya mguu. Mama wa kijana alisikiliza akiwa ameshika magongo ya mwanawe. Walipomchukua akabaki nayo, hajui ampe nani, mpaka askari akarudi kuyafuata.

Kesi ya mguu nilikwenda nikiwa bado nimeshikilia uamuzi wangu wa kunyamaza. Nilikuwa nimejiambia, watasema wengine. Lakini wengine hawakusema. Mwenyekiti alieleza kwamba alifika mambo yameshaisha. Mwendesha bodaboda, aliyekuwa ameeleza yote polisi, mahakamani alisema alikuwa anageuza pikipiki, hakuona vizuri. Alikuwa anatazama chini wakati anasema. Kijana mwenyewe aliletwa kutoka gerezani, akasema alikuwa kifudifudi usoni matope, alisikia tu. Na kila shahidi alipoulizwa nani alimfunga kamba, jibu lilikuwa moja: kibarua. Kijana wa Mbingu alikuwa amekonda, shati linamcheza mwilini. Hakuwa na wakili. Alipoambiwa aulize maswali, alisema hana swali.

Nilipoitwa, hakimu aliweka kalamu chini.

"Mshtakiwa wa kwanza ni nani kwako?"

"Mume wangu wa ndoa, mheshimiwa."

"Sheria haikulazimishi kutoa ushahidi dhidi yake. Ukikataa, hutaadhibiwa, na mahakama haitakulaumu. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Unataka kusema au hutaki?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amepungua sana, na kola yake ilikuwa imekunjwa vibaya, kitu ambacho mimi ndiye niliyezoea kumnyooshea. Akanitazama kwa namna ya kuniomba. Kisha nikamtazama yule kijana pembeni yake, aliyekuja kuvuna mpunga wa watu. Yeye hakuwa ananitazama. Alikuwa ameshakubali.

"Nitasema," nikasema.

Nikasema yote: nani alitoa kamba, nani alizaba kofi moja akaondoka, nani alichukua mti wa kupuria, mapigo yalitua wapi. Nikasema pia kwamba walikuwapo wengine wengi waliopiga kabla yake, na kwamba sikuwaona sura kwa sababu niliwapa mgongo. Nilikuwa nimeishika meza kwa mikono miwili.

Wakili wa mume wangu akainuka. "Si kweli kwamba una ugomvi na mume wako? Si wewe uliyemfutia dhamana? Unamchukia."

"Alinikaba," nikasema. "Lakini simchukii. Ni baba wa watoto wangu, na alikuwa mtu mwema mpaka siku ile. Siku ile alipiga mtu aliyefungwa. Vyote viwili ninavijua mimi."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu.

Mume wangu alifungwa na kuamriwa fidia. Kibarua alitiwa hatiani kwa kosa dogo la lile kofi, na kwa kuwa alishakaa rumande muda mrefu, akaachiwa. Nilitegemea labda atanisemesha pale nje. Alinipita, akasimama, akarudi. "Dada, nilidhani nimeshazikwa," akasema, halafu akaenda kutafuta gari la kwao.

*

Baadaye wazee wa boma lile na wazee wa upande wa mume wangu walikutana, wakaja na wazo: mkono kwa mguu, fidia hii iifute ile, kila mtu arudi kwake. Walimwita mdogo wangu akubali. Alikwenda, akawaamkia wote, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Wazee wangu, mimi sikumvunja mtu mguu," akawaambia. "Aliyevunja ni shemeji, yuko gerezani. Mkono wangu siwezi kuutumia kulipa deni la mtu mwingine."

Walikasirika. Mmoja alimwambia ana kiburi cha kilema. Lakini yule dada wa msaada wa kisheria alimwambia yuko sahihi, sheria haijui ukoo, inamjua aliyetenda na aliyetendewa. Baba wa kijana aliuza ng'ombe, akalipa kidogo kidogo mpaka ikaisha, bila maneno mabaya. Mdogo wangu alinunua pawatila, ile ya kulimia majaruba, akamwajiri mtu wa kuiendesha. Usiku bado huamka akisema vidole vinamuuma, vidole ambavyo havipo. Ameoa sasa. Mke wake ndiye anayemfunga vifungo vya shati.

Mume wangu alitoka kabla ya muda wake kwa tabia njema. Alikuja Mkula bila kuniarifu, akakaa kwenye benchi la shangazi kando ya barabara, begi la plastiki magotini, malori ya miwa yanapita. Watoto walimwogopa kwanza, halafu wakamzoea. Shangazi alipika, tukala wote. Watoto walipoondoka, akauliza huku anatazama barabara.

"Ungenyamaza ingekuwaje?"

"Yule kijana wa Mbingu angefungwa."

"Najua," akasema. "Kule ndani nilikutana na yule niliyemvunja. Tulilala chumba kimoja. Kupanda ngazi alikuwa hawezi, kwa hiyo nilikuwa nambeba."

"Alikubali?"

"Mwanzoni alikataa. Halafu akachoka kutambaa."

Alikaa mpaka jua likateremka, kisha akauliza kama anaweza kuja tena kuwaona watoto. Nikamwambia aje. Akauliza kama nitarudi Michenga. Nikamwambia bado sijui, na akawakumbatia watoto, akavuka barabara kusubiri gari la kurudi. Huja karibu kila mwezi sasa. Huleta mchele wa shamba letu, hukaa kwenye benchi lile, husaidia kupanga ndizi. Akisogea ghafla nyuma yangu, mkono wangu bado hupanda wenyewe kwenye shingo, naye akiuona hurudi hatua nyuma, akasubiri mpaka niushushe.